Majoka chukueni, mimi niachieni fundi wa vyombo

Tangu Jumatatu kundi letu la wasapu halilali. Kila mtu ana neno juu ya kipindi cha mwisho, Agosti hii ya 2024, cha msimu wa pili wa House of the Dragon, ile tamthilia ya HBO ya ukoo wa kifalme wenye majoka unaogombea kiti cha enzi, na maneno yote yanaishia pamoja: vita viko wapi? Tangu Juni tumeahidiwa vita. Kikaja kipindi cha nane, majeshi yakatembea, merikebu zikatweka tanga, muziki ukapanda, halafu majina ya waigizaji. Basi. Tuonane Mungu akitujaalia uhai.

Na mimi nimekasirika, msidhani nimekuja kuwatetea walioitunga. Ila hasira yangu haiko kwa majoka. Sikuwa naamka usiku wa manane kwa ajili ya majoka. Nilikuwa naifuata bahari, na mtu mmoja aliyekuwa akitengeneza merikebu wakati wengine wanagombea kiti. Huyo ndiye nataka kumzungumza leo. Ambaye hajatazama, na hataki kumaliziwa utamu, aishie hapa, asije kesho akaninunia.

Kwetu kipindi kinafika saa kumi alfajiri ya Jumatatu, maana kule Marekani huwa ni saa tatu usiku wa Jumapili. Saa hiyo nyumbani walio macho ni wawili, mimi na Mjomba. Yeye huamka kabla ya adhana hata asipokuwa na la kufanya. Msimu wa kwanza alikuwa akipita tu na birika lake la kahawa, anatupa jicho, anasema, "Hawa nao! Mtu anamuoa mpwawe," anaenda zake. Msimu huu alikaa. Alikaa kwa sababu kipindi cha kwanza tu kulionekana merikebu bandarini ikitengenezwa, na Mjomba ni mzaliwa wa Matondoni kule Lamu, ambako kuunda majahazi ni kazi ya kurithi. Mkono wake ulizoea tezo na kekee kabla ya kuzoea kalamu. Corlys Velaryon aliposhuka kuzungumza na fundi wake, Mjomba aliweka kikombe chini.

"Hebu rudisha nyuma, mwanangu."

Nikarudisha. Alitaka kuangalia mbao zilivyopangwa ubavuni. Hakuridhika, na akaeleza kwa nini hakuridhika, kwa urefu, mpaka maneno ya wenyewe yakanipita. Lakini tangu siku hiyo hakukosa.

Kwa asiyewajua: Corlys, anayeigizwa na Steve Toussaint, ndiye bwana wa Driftmark, na sifa yake ni Nyoka wa Bahari. Huyu hakupata mali kwa kupanda joka. Alisafiri. Kitabu cha George R. R. Martin ambacho tamthilia imetoka humo, Fire & Blood cha 2018, kinamhesabia safari kuu 9, akienda mashariki ya mbali na kurudi na hariri na viungo, hadi wakati fulani hazina yake ikazishinda za Lannister na Hightower, koo za matajiri wakubwa. Akajenga jumba jipya, na katika kisiwa chake ikakua miji ya bandari, Hull na Spicetown. Niambieni mtu wa pwani gani atasoma hayo aone ni habari za nchi ngeni. Mwaka 2022, msimu wa kwanza ulipotoka, kuna watu mitandaoni waliopiga kelele kwamba tajiri wa bahari hawezi kuwa mtu mweusi. Huku tulicheka. Tajiri wa bahari, mwenye jumba la mawe na sahani za kaure kutoka Uchina kwenye zidaka zake, sisi tunamjua alivyo.

Sasa huyo fundi. Anaitwa Alyn wa Hull. Kichwa amekinyoa upara, na msimu ukiendelea unamwona akikinyoa tena, kwa haraka, maana nywele zikichomoza tu zinatoka za fedha, na nywele za fedha Driftmark ni za ukoo mmoja. Katika vita vya visiwa vya Stepstones ndiye aliyemtoa Corlys majini akiwa karibu kufa. Corlys anamshukuru kama bosi anavyomshukuru mwajiriwa. Kila mtu bandarini anajua kwamba ni mwanawe. Hata Rhaenys, mke wa Corlys, anajua, na katika kipindi cha nne, kabla hajapanda joka lake Meleys kwenda vitani ngome ya Rook's Rest asikorudi, anamwambia mumewe maneno ya mke mkubwa wa akili: kijana huyu usimfiche, mnyanyue. Eve Best alivyoyasema yale, bila ya wivu na bila ya kujifanya mtakatifu, ndipo niliposema huyu ndiye alikuwa malkia, na mkamnyima kiti.

Anayemuigiza Alyn ni Abubakar Salim. Ndiyo, jina mmelisoma sawasawa. Ni Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Wacheza gemu wanamjua kwa sauti, maana ndiye Bayek, mhusika mkuu, katika Assassin's Creed Origins ya 2017. Wengine tulimwona kwenye televisheni baadaye. Lakini kilichonifanya nimfuate ni jambo la mwaka huu wa 2024. Tarehe 23 Aprili studio yake mwenyewe, Surgent Studios, ilitoa gemu iitwayo Tales of Kenzera: Zau. Kijana mganga amefiwa na babake, anakwenda kwa Kalunga, mungu wa mauti, kumwambia nitakukamatia mizimu mitatu mikubwa, nawe unirudishie baba. Salim aliitunga baada ya kufiwa na babake mwenyewe, kutokana na hadithi alizokuwa akisimuliwa naye. Na gemu hiyo unaweza kuichagulia sauti za Kiswahili, ukawasikia wakisemezana kwa lugha yetu mwanzo hadi mwisho. Mdogo wangu aliicheza sebuleni, nami nikawa nakaa nyuma yake nikijidai nakunja nguo.

Basi weka haya mawili pamoja. Aprili mtu huyu anatuletea mwana anayekwenda hadi kwa mauti kumdai baba aliyempenda. Juni anaingia kwenye hadithi nyingine, akiwa mwana wa baba aliye hai, anayepita gatini kila siku, hatua tatu kutoka alipo, na neno "mwanangu" halimtoki. Huzuni ni ile ile, imegeuzwa ndani nje. Ningekuwa sikuiona Zau, pengine Alyn angenipita. Nilipoiona, kila alipoinamia kazi yake ili asimtazame Corlys usoni, nilijua ameshika nini.

Vipindi saba alinyamaza. Majibu yake ni mafupi: naam, bwana, nimetosheka na bahari, bwana. Ndugu yake Addam anatamani, anasema angalau tuombe. Yeye hataki. Joka Seasmoke linamfukuza Addam ufukweni mpaka linamchagua, Addam anaruka angani, mji mzima unamtaja. Alyn amebaki chini na zana zake. Halafu kipindi cha nane, sasa Corlys wanawe halali wamekwisha na mke amezikwa na moto, ndipo anakumbuka kunyoosha mkono. Na Alyn akafungua kinywa.

Sitayanukuu maneno. Kiini chake ni kwamba alikua na njaa, na watu wakimcheka kwa kukosa baba, na baba alikuwa pale juu jumbani akiwalea wengine. Na leo mkono huu umenyooshwa kwa sababu hakuna mwingine wa kunyooshewa. Atamtumikia, maana kazi ni kazi. Lakini hataki kitu chake. Corlys hakujibu. Toussaint alisimama tu pale, na uso wake ukazeeka tukiutazama.

Mjomba alinyamaza muda. Mimi nilidhani atasema mtoto amekosa adabu, maana kwake mkubwa ni mkubwa. Akasema, "Ana haki. Lakini angemwambia alipokuwa na mke. Mtu aliyefiwa humpigi." Tukabishana pale pale, kwa sauti ya chini ili tusiamshe watu, na bado hatujapatana. Mimi nasema hakuna siku nzuri ya maneno yale. Anayesubiri siku nzuri huzikwa nayo. Kila mtaa hapa kwetu una mzee mmoja anayeamkiwa shikamoo na kijana asiyethubutu kumwita baba, na wote barazani wanajua, na wote wanaangalia kahawa zao. Ndiyo maana eneo lile la dakika chache limenikaa kuliko majoka yote waliyotuonyesha.

Na katika kitabu halimo! Waliosoma wanajua kwamba huko Alyn na Addam ni vijana wadogo, wana wa Marilda, binti wa fundi wa merikebu wa Hull. Mama anadai baba yao ni Laenor, mtoto wa Corlys, na ni mcheshi wa ikulu, Mushroom, anayesema hapana, baba ni mzee mwenyewe. Kitabu kimeandikwa kama tarehe ya wafalme, mashahidi wanapingana, mwandishi anakuachia uchague, kama vile nakala za Habari za Pate zisivyokubaliana nani alitawala lini. Huko pia Alyn anajaribu kupata joka, likamwunguza mgongo na miguu akabaki na makovu maisha. Tamthilia imemkatia yote hayo. Imemfanya mtu mzima asiyetaka joka. Mashabiki wa kitabu walio wakali hawatanisamehe, lakini hapa watungaji wameshinda kitabu.

Kinachoniudhi ni kwamba watu walewale walioandika hayo ndio waliosahau kuwa bahari imefungwa.

Mimi ni karani wa klaringi, kutoa mizigo bandarini. Kazi yangu ni manifesti, forodha na gati. Meli moja ikikaa nje ikingoja nafasi, najua nani atapiga simu kulia demareji, ile tozo ya kuchelewa, na najua baada ya muda bei ya mchele Marikiti itajibu. Kwa hivyo tangu kipindi cha kwanza nilifurahi kuona vita vinaanzia pale vinapoanzia kweli: merikebu za Velaryon zimeziba mlango-bahari wa Gullet, hakuna chombo kinachoingia King's Landing, mji mkuu. Kufika kipindi cha sita mji una njaa, Rhaenyra, anayedai kiti na ambaye Corlys yuko upande wake, anapeleka vidau vya chakula usiku vyenye bendera yake, watu wanakanyagana, wanamgeukia malkia Alicent, mamake mfalme aliyekalia kiti, barabarani. Kile kipindi kwetu kilifika Julai 22, nchi yetu yenyewe haijatulia tangu Juni 25 na maandamano ya ule Mswada wa Fedha, na mimi sikukitazama nikiwa nimeegemea. Nilikitazama nimekaa wima.

Na sisi wa Mvita mzingiro hatusimuliwi na televisheni. Ngome ya Yesu iko pale. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, na Wareno waliokuwa ndani walimalizwa na maradhi kuliko silaha. Merikebu moja iliyokuja kuwaokoa, Santo António de Tanná, ilizama mwaka 1697 chini ya kuta za ngome, na vitu vilivyoopolewa na wapiga mbizi karibu karne tatu baadaye viko kwenye makumbusho mle ndani. Nendeni mkavione badala ya kupiga picha mizinga tu. Karibu miaka mitatu! Hapakuwa na joka. Kulikuwa na maji ya kunywa, unga, na nani anatawala mlango wa kuingilia. Hiyo ndiyo hadithi waliyokuwa nayo mkononi.

Sasa nambieni. Bahari imefungwa, maadui wanauana, mji una njaa. Kipindi cha tatu Rhaenyra anavaa nguo za mtawa, anaingia King's Landing kuzungumza na Alicent. Kipindi cha nane Alicent naye anatokea Dragonstone, kisiwa cha Rhaenyra, kwa adui, usiku, kumwambia njoo uchukue mji. Wanapita mzingiro ule kama watu wanaoshuka feri ya Likoni na vikapu vyao. Mjomba aliuliza maswali ambayo chumba chote cha waandishi hakikujiuliza: "Huyu mama kavushwa na nani? Nahodha wake nani? Upepo gani?" Akaonyesha nje dirishani. Ni Agosti, kusi inavuma, usiku kucha ulikuwa unasikia minazi. "Mwambie avuke na kidau leo, tumuone."

Mazungumzo yenyewe, lazima niseme, yalikuwa mazuri. Emma D'Arcy na Olivia Cooke wakiwekwa chumba kimoja hata kimya chao kina maana. Alicent anatakiwa akubali mwanawe auawe, na anakubali, na unaona kitu kinakatika. Lakini mimi nilikuwa nimebaki baharini nikimtafuta aliyemvusha.

Daemon, mume wa Rhaenyra, na ile ngome ya Harrenhal sitasema mengi. Ndoto, damu, mchawi, ndoto, mtoto aliyefunikwa shuka, ndoto. Kilichonisaidia kuvumilia ni yule mzee Simon Strong, Simon Russell Beale, anayempokea mvamizi kwa ukarimu wa mtu ambaye paa linamvujia na bado anauliza umekula? Huyo mngemuongezea dakika. Kipindi cha nne, Rook's Rest, kila sifa mliyokipa nakubali. Vhagar, joka kubwa la maadui, alipotokea chini ya kuta mpangaji wetu wa juu alinipigia simu kuuliza kuna nini.

Tukirudi majini: Tyland Lannister, mtu wa upande wa mfalme, anatumwa ng'ambo kwa Triarchy, muungano wa miji mitatu, kukodi merikebu za kuvunja mzingiro, na amiri wao, Sharako Lohar, anamwambia hatasafiri na mtu asiyeweza kumshinda mweleka matopeni. Nusu ya kundi letu wameapa ni ujinga mtupu. Mimi nilicheka. Katika kitabu Lohar ni mwanamume na hasemi la kukumbukwa. Abigail Thorn amempa ukorofi wa manahodha wa kweli, wale wanaokupima kabla ya kukubebea mzigo. Mjomba alitoka kwenda kutia udhu, akaniambia nimwite matope yakikauka.

Alirudi wakati wa kufunga: majeshi ya kaskazini, majoka mapya, na merikebu. Corlys ameibatiza merikebu yake upya kwa kumbukumbu ya mkewe, malkia ambaye hakupewa kiti, na sasa inatweka, Alyn yumo. Upande wa pili Triarchy wanakuja, tanga hadi upeo wa macho. Mjomba akavuta kiti mbele. Na hapo hapo wakakata.

Jumatatu hiyo hiyo Ryan Condal, msimamizi wa tamthilia, aliongea na waandishi wa habari: vita vya Gullet vimesogezwa mbele kwa sababu ya muda na gharama, wanataka kuvipa haki yake, upigaji picha wa msimu wa tatu uanze mapema 2025, na hadithi nzima imalizikie msimu wa nne. Vizuri. Gharama naielewa, nafanya kazi ya gharama. Lakini msimu wa kwanza ulikuwa na vipindi 10, huu 8, na ndani ya hivyo 8 ukitoa ndoto za Harrenhal unapata nafasi ya kuvunjia merikebu zote za Essos, bara la ng'ambo.

Nikiwa ndiye ninayeulizwa, nawaomba watu wa msimu wa tatu mambo yanayohusu maji tu. Watuonyeshe upepo. Kitabu kinasema merikebu za kivita 90 ziliingia Gullet na zilizorudi kwao ni 28. Hesabu hiyo wasituambie imetokana na moto wa majoka peke yake, watuonyeshe na watu wanaojua kona za mlango ule, na mkondo ukifanya kazi. Yatakayompata nani humo, waliosoma wanyamaze kama ninavyonyamaza mimi, maana kuna mtu kwenye kundi letu anampenda sana mmoja wao na hajui.

Na Alyn msimpe joka. Msimpe hotuba nyingine pia. Ile moja inatosha. Mpeni usukani, mzee akiwa nyuma yake asiweze kumsaidia, na muache tumuone akiamua. Mjomba anasema akipewa chombo kile kikubwa na upepo wa mbele ataanguka, kijana ni fundi, si nahodha, na hizo ni kazi mbili. Mimi nasema aliyekiunda ndiye anayejua kitavumilia wapi. Tumewekeana sahani ya pilau ya mbuzi, na kwa mwendo wa HBO itabidi mmoja wetu amkumbushe mwenziwe.